Mashua kwanza, ndege baadaye

Ramani ya karatasi, mbao nyepesi, mota ya betri na rimoti vinaweza kumfunza kijana wa pwani au wa ziwani sayansi ambayo mara nyingi huishia ubaoni.

Mwaka 1912, huko Hammondsport kando ya Ziwa Keuka katika jimbo la New York, Glenn Curtiss alikuwa na mashua yenye mabawa iliyogoma kuruka. Injini ilinguruma, povu likatimka, chombo kikakata maji kwa kasi, lakini tumbo lake halikubanduka ziwani. Tiba haikuwa injini kubwa zaidi. Tiba ilikuwa kidato: chini ya tumbo, karibu na katikati, sehemu ya nyuma ilipandishwa juu kidogo kuliko ya mbele, hewa ikapata upenyo, maji yakaachia. Julai mwaka huo mashua ile iliruka, na tangu hapo kidato kimebaki kwenye tumbo la karibu kila ndege ya majini, iwe ya abiria au ya mfano inayobebwa kwapani.

Ya mfano ndiyo ninayotaka kuizungumzia hapa: ndege ndogo ya majini, yenye mabawa ya mita moja na ushei, inayoundwa kwa mikono kutoka kwenye ramani na kuongozwa kwa rimoti. Marekani, Kanada na Uingereza mchezo huu una wapenzi wa rika zote, wengine wastaafu, wengine watoto wa shule. Kwetu wanaoujua ni wachache, ingawa tuna bahari kutoka Lamu hadi Mtwara na maziwa makubwa yasiyohitaji kusifiwa. Hoja yangu ni kwamba anayeunda ndege ya aina hii huunda mashua kwanza, na elimu ya mashua tunayo tangu enzi za mababu. Inayobaki imechorwa kwenye karatasi.

Mwana wa wenye meli

Mtu wa kwanza kuruka kutoka majini kwa ndege yenye injini alikuwa Mfaransa Henri Fabre. Ilikuwa tarehe 28 Machi 1910, kwenye ziwa la maji chumvi la Étang de Berre karibu na Marseille. Aliruka karibu nusu kilomita, na kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kurusha ndege yoyote. Alichokuwa nacho ni malezi: alizaliwa katika ukoo wa wenye meli wa Marseille. Maboya ya chombo chake yalikuwa bapa chini na yamepinda juu, kazi ya mtu aliyeanza kwa kujiuliza maji yatafanya nini.

Rimoti ilikuja baadaye. Mwaka 1937, ndugu mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, walirusha ndege ya mfano waliyoiita Big Guff, ikiongozwa kwa redio waliyoitengeneza wenyewe. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Redio yake ilikuwa mzigo wa kweli, wakati kipokezi cha siku hizi kina uzito wa gramu chache tu na hutoshea kwenye kiganja cha mtoto.

Ramani nazo zilisambazwa na magazeti ya mchezo wenyewe. Model Airplane News lilianza Marekani mwaka 1929, na Aeromodeller likaanza Uingereza mwaka 1935. Msomaji alikunjua karatasi kubwa, akaitandika mezani, akaanza kukata. Utaratibu huo haujafa. Tofauti ni kwamba sasa ramani hutumwa kama faili na kuchapishwa kwenye duka lolote linalochapa ramani za majengo.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika historia hii. Kuanzia mwaka 1937 mashua-ndege za Short za shirika la Imperial Airways, zenye injini nne na mabawa ya karibu mita 35, zilisafirisha abiria na barua kati ya Southampton na Durban. Zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kabla ya hapo, mwaka 1916, Wabelgiji walikuwa wamerusha ndege za majini juu ya Ziwa Tanganyika kuishambulia Kigoma, bandari ya meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita MV Liemba. Maji yetu yamekwisha kuzibeba ndege hizi. Kilichokosekana ni mikono yetu katika kuziunda.

Kuisoma ramani

Ramani nzuri huchorwa kwa ukubwa halisi wa ndege. Kipande unachokiona kwenye karatasi ndicho utakachokikata kwenye ubao, sentimita kwa sentimita. Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza cha kupima baada ya kuchapa ni mstari wa kipimo uliochorwa pembeni. Mashine za kuchapa zina tabia ya kuipunguza picha kidogo ili ienee kwenye karatasi. Mstari ulioandikwa sentimita 10 ukisoma 9.7 kwenye rula, basi mota, betri na servo (vimota vya kusogeza usukani) havitakaa kwenye nafasi zake. Rudisha, wachape upya.

Fundi wa mashua akiitazama ramani hiyo hatakuwa mgeni. Ataona mkuku ukipita katikati, mataruma yamesimamishwa kwa mpangilio, na mbao nyembamba zikiyaunganisha kutoka omo hadi tezi. Ataona kwamba tumbo la mbele lina umbo la herufi V ili lipasue wimbi, na kwamba kwenye kingo zake kuna vibao vyembamba vya kurudisha michirizi ya maji chini isiirukie propela. Pembeni, karibu na ncha za mabawa, ataona maboya madogo yanayozuia chombo kisilale upande. Kazi hiyo anaijua kutoka kwenye ndubi za ngalawa.

Kigeni kwake kitakuwa alama ndogo ya duara, iliyogawanywa vipande vinne vyeusi na vyeupe, iliyo chini ya bawa. Hiyo ndiyo sehemu ya mizani, mahali ambapo ndege ikishikwa kwa vidole viwili hukaa sawa bila kuinamisha pua wala mkia. Kwa ndege nyingi za kawaida huwa kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sentimita 20 litakuwa na mizani kati ya sentimita 5 na 6. Ndege yenye mkia mzito haiongozeki, kwa hiyo alama hii huheshimiwa hata ikibidi kuongeza risasi ya mshipi wa kuvulia samaki puani.

Sasa tazama uhusiano wa mizani na kidato. Kidato huwekwa nyuma kidogo tu ya mizani, kwa ndege ndogo kama sentimita moja hivi. Kikirudishwa nyuma mno, ndege haiwezi kuinua pua ili iruke, kwa sababu sehemu inayokaa majini iko mbali na pale inapotakiwa kugeukia. Kikisogezwa mbele, pua inadundadunda wakati wa kukimbia. Mchoraji amekwisha kuupatanisha ubishi huo wa maji na hewa. Anayeunda anatakiwa kuufuata mstari, na akishaelewa kwa nini umechorwa pale, amejifunza fizikia ya kweli.

Wapo wanaopenda ndege ya kawaida iliyowekewa maboya mawili badala ya magurudumu. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufundishwa darasani. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja. Mafundi hutaka maboya mawili kwa pamoja yaweze kubeba mara mbili ya uzito wa ndege nzima. Ndege ya kilo 1.5 inahitaji ujazo wa lita 3, yaani lita 1.5 kila boya. Urefu wa boya huwa karibu robo tatu ya urefu wa kiwiliwili, na omo yake hutangulia mbele ya propela, la sivyo ndege itapiga mbizi kwa pua pale mota inapokata ghafla.

Mbao, foamu na gundi

Mbao inayosifika katika kazi hii ni balsa, mti wa Amerika ya kitropiki ambao hustawishwa zaidi Ekwado. Mita moja ya ujazo ya balsa nyepesi haizidi sana kilo 100, wakati mninga wetu huvuka kilo 500. Balsa huagizwa na bei yake si ndogo, lakini si lazima. Ndege nyingi za siku hizi huundwa kwa bamba za foamu, zikiimarishwa kwa plaiwudi nyembamba mahali pa mota na kwa fito za mianzi ndani ya mabawa. Foamu haiharibiwi na maji, haiozi, na hukatwa kwa wembe mpya.

Gundi ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, na somo lake limeandikwa hapa kwetu, Rufiji. Mwishoni mwa mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha kwenye delta, Waingereza walichukua mashua-ndege ya Curtiss kutoka Durban wakaileta kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia. Rubani wake, Dennis Cutler, aliiona manowari hiyo kutoka angani, lakini Desemba akateremka ndani ya delta baada ya injini kumharibikia, akatekwa. Februari 1915 zikaletwa ndege mbili za majini za Sopwith. Hizo zilishindwa na hali ya hewa ya pwani: joto na unyevu vililegeza gundi, propela za mbao zikaharibika, na injini zikakosa nguvu ya kuzipandisha. Ilibidi waagize ndege nyingine, na Königsberg ikaangamizwa Julai 1915 kwa mizinga iliyoelekezwa na ndege za magurudumu zilizoruka kutoka Mafia.

Kwa hiyo anayeunda ndege ya majini Tanga au Mwanza asitumie gundi nyeupe ya mbao kwenye tumbo la chombo. Epoksi ndiyo kauli ya mwisho: huchanganywa sehemu mbili, hukauka hata penye unyevu, na hushika plaiwudi kwa foamu bila kuila foamu. Nje, tumbo huvishwa kitambaa chepesi cha faibaglasi kilichopakwa epoksi hiyo hiyo. Wazee waliopaka deheni chini ya majahazi walijua kwamba mbao isiyozibwa hunywa maji, na kwenye ndege maji yaliyonywewa ni uzito usioruka.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya kazi yote: ukingo wa kidato. Maji yakipita kwenye uso uliopinda huufuata. Shika kijiko kwa ncha ya mkia, kiache kining'inie, kisha sogeza mgongo wake kwenye maji ya bomba yanayotiririka. Utadhani kitasukumwa nje, kumbe kinavutwa ndani. Tumbo la ndege lililoviringika nyuma ya kidato huvutwa vivyo hivyo, na hakuna mota itakayolinasua.

Mwenye kupiga msasa ana mazoea ya kulainisha kila pembe mpaka chombo chote kipendeze. Hapa mazoea hayo yaachwe. Chukua ukanda wa plaiwudi ya milimita moja, uubandike kwa epoksi kwenye ukingo wa kidato kutoka upande hadi upande, ukauke usiku kucha. Kesho yake funga msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, upige ukanda ule kwa kwenda mbele na nyuma tu, kamwe si kwa kuzungusha mkono. Pitisha ukucha: ukingo ulio tayari hukwaruza ukucha. Pembe mbili ambapo tumbo hukutana na ubavu nazo ziwe kali hivyo hivyo. Maji yakifika pale hayapati pa kupindia, hukatika.

Umeme na maji

Ndani ya kiwiliwili huingia betri ya lithiamu, mota ya umeme, kidhibiti mwendo wa mota, kipokezi, na servo ndogo za gramu 9 zinazovuta usukani, elevata (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) na eleroni (vibao vya mabawani vya kuilaza ndege upande). Mota ya mashua-ndege huwekwa juu ya kinara ili iwe mbali na michirizi ya maji. Kwa kuwa imekaa juu, ukiiongezea moto huinamisha pua. Ndiyo sababu ramani nyingi huonyesha mota inayovuta ikiwa imeinuliwa nyuzi chache. Asiyejua huona ni kosa la mchoraji akainyoosha, kisha akashangaa ndege inaposukuma pua majini.

Mfuniko wa sehemu ya betri uzibwe kwa utepe usiopitisha maji kila unapofungwa. Kipokezi kivishwe puto, mdomo wake ufungwe kwa uzi penye nyaya. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na rimoti za sasa hayapenyi majini, hivyo antena ikae juu kadiri inavyowezekana. Kipokezi kipangwe kuizima mota mara kikikosa mawasiliano. Hilo ni jambo la usalama, kwani propela inayozunguka bila mwenyewe hukata vidole vya anayeokoa ndege.

Siku ya kurusha

Asubuhi kabla upepo haujakaza ndiyo saa yake. Maji yaliyolala kabisa hayafai sana: yanang'ang'ania tumbo zaidi, na uso wake unaong'aa kama hewa humpoteza hata rubani wa ndege kubwa asijue yuko juu kiasi gani. Viwimbi vidogo vya urefu wa kidole huingiza hewa chini ya kidato na kuonyesha upepo unatoka wapi.

Anza kwa kutembeza majini, polepole, ukizoea tabia ya ndege hii kujigeuza yenyewe pua ielekee upepo. Kuigeuza ipe kisogo upepo mkali ndipo mabawa hubebwa na kupinduka, hivyo geuza kwa upana na usiongeze moto. Wakati wa kuruka, elekeza pua upepo unakotoka, vuta elevata, ongeza moto taratibu. Kwanza ndege hulima maji, pua juu, mkia ukikokota. Kisha hupanda: mlio wa mota hubadilika, povu hurudi nyuma hadi kwenye kidato, na chombo huanza kuteleza juu ya maji. Hapo legeza elevata, iache ikimbie. Ikishapata mwendo, mguso mdogo tu unatosha, na inabanduka.

Hakuna kipande cha mchezo huu ninachokipenda kuliko sekunde zile za kuteleza. Katika umbali mfupi, chombo kinaacha kubebwa na maji na kuanza kubebwa na hewa, na unaviona vyote viwili vikikabidhiana.

Kutua ni kurudia hayo kinyume: upepo usoni, moto kidogo ukiachwa kwenye mota, mabawa sawa, pua imeinuka kiasi, ndege iguse kwa kidato. Anayezima mota juu na kuiangusha hukuta maji ni magumu.

Tahadhari zetu ni zetu. Ziwa Victoria lina kichocho, na fukwe nyingine zina mamba na viboko, hivyo ndege iliyozimika haifuatwi kwa kuogelea. Mtumbwi na mtu wa kupiga kasia wawepo kabla ya kuruka. Pwani, ndege ioshwe kwa maji baridi mara ikitoka baharini, hasa mota na vyuma vyote. Usirushe juu ya wavuvi wala waogaji. Na kabla ya yote, uliza mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, kuhusu kibali na maeneo yaliyokatazwa, kwa sababu vyombo vinavyoongozwa kutoka mbali vina sheria.

Kwa nini ramani

Mtu ataniuliza: si bora kununua droni iliyo tayari? Droni ina kazi zake, na vijana wetu wanazifanya vizuri. Lakini droni iliyonunuliwa huficha kila kitu ndani ya plastiki. Kompyuta yake hujiweka sawa yenyewe, na mwenye kuirusha hana haja ya kujua mizani iko wapi. Aliyeunda kutoka kwenye ramani anaijua ndege yake kwa taruma na kwa gundi. Ikianguka, anakata kipande kingine. Na akiridhika nayo, anachora yake, na hapo ndipo uhandisi unapoanza.

Tena tuna walimu ambao nchi nyingi hazina. Pale Lamu, Pemba, Mafia, Kilwa na Ukerewe wapo mafundi wanaounda mashua kwa jicho na kamba, bila ramani. Wakae meza moja na wanafunzi wenye ramani bila jicho. Kila upande utapata ulichokosa, na ufundi ambao vijana wanaanza kuupa kisogo utaonekana kuwa ni sayansi hai.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Mwaka 1931, maabara ya NACA, kamati ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege, huko Langley, Virginia, ilikuwa na hodhi la takriban mita 600 la kukokotea mifano ya matumbo ya ndege za majini ili kupima ukinzani wa maji. Shule iliyo karibu na gati inaweza kufanya jaribio hilo hilo kwa kamba na mizani ya chemchemi ya kupimia samaki. Waunde matumbo mawili ya foamu yanayolingana, moja lina kidato na jingine halina, yote kwa uzito mmoja. Wayakokote kando ya gati, kwanza kwa mwendo wa kutembea, halafu kwa mbio. Kwa mwendo wa pole, tumbo lenye kidato huenda likawa zito zaidi. Mwendo ukizidi hadi likaanza kuteleza, mshale wa mizani utasema kinyume. Wanafunzi wakishaandika tarakimu hizo daftarini kwa mikono yao, mwalimu hatakuwa na kazi ya kuwashawishi waendelee. Wao ndio watakaomdai ramani ya mabawa.